Gari Lililokojoa Mbele ya Wakwe

Kambale, somo yangu,

Nimetapika kwa ajili yako. Nakuambia hilo kabla ya salamu, maana salamu zako sijui nizipeleke wapi tena. Nilikuwa nimepiga magoti ndani ya gari la Bwana Mbusa, kichwa chini ya dashibodi, nikavuta kapeti, na kilichofunuka pale chini kilinikimbiza mpaka nyuma ya gereji, nikaiacha ukutani chai yote ya asubuhi. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini. Ulikuwa ukisema siku zote kwamba fundi wa viti mwenye tumbo la bibi harusi atakufa njaa. Basi bibi harusi bado yu hai, na wewe ndiye uliyekwenda.

Nataka ujue yaliyotokea tangu tulipokuzika Bwera. Mengine yanakuhusu, mengine yamenichefua tu, na nikiyanyamazia nitaugua.

Ulizikwa vizuri, kwa hilo usiwe na wasiwasi. Kaka yako Paluku alivuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kongo na watu wa Butembo, wakaimba nyimbo zenu za kanisa mpaka sauti zikawakauka. Masika, mkeo, hakuanguka. Mama yake alimshika mkono tangu asubuhi na hakuuachia. Kisha akasimama Bwana Mbusa. Unamjua akisimama: tumbo linatangulia, mwenyewe anafuata. Tajiri wa kahawa wa Kasese nzima, na lile gari lake jeupe la Kiamerika alilojipatia Wahindi walipofukuzwa, akasimama juu ya udongo wako na kusema ulikuwa mkono wake wa kuume. Akalia. Leso ikatoka mfukoni. Watu wakamhurumia yeye kuliko mjane.

Tulikuwa hata hatujanawa mikono aliponiita mimi na Paluku kando ya migomba. Leso ilikuwa imesharudi mfukoni. Akasema, kwa sauti iliyowafikia waombolezaji wote, kwamba sanduku lako la vyombo vya kutengenezea mashine za baridi za magari limo katika ghala lake la kahawa na litakaa humo. "Huyu mtu yenu aliharibu baridi ya gari yangu. Sasa iko nanuka kama choo. Mpaka gari ipone, sanduku hapana toka."

Niliutazama mdomo wake ule ule uliotoka kukulilia. Nilitaka kutema mate, nikayameza kwa heshima yako.

Sanduku lile, Kambale! Lile ulilolibeba kichwani kutoka Butembo wakati wa vita, ukaacha godoro, ukaacha redio, ukavuka Mto Lubiriha na spana na zile geji zako mbili za kupimia gesi, ya mpira mwekundu na ya mpira wa buluu, ulizopewa na Mbelgiji uliyemtunzia chumba chake cha baridi cha siagi na mboga. Nalo ulikuwa umeliacha uani kwa Mbusa siku ile miguu ilipokataa kukubeba. Paluku alinitazama, nikajua anachofikiri. Siku ya kuondoa matanga vyombo vya kazi vya marehemu vinawekwa mkekani mbele ya ndugu, na anachaguliwa mtu wa kuvishika. Pasipo vyombo, tungeuketia mkeka mtupu, kama kwamba hukufanya kazi yoyote duniani. Na jina lako lingebaki vinywani mwa watu wa Kasese kama la fundi aliyeharibu gari la watu akajifia.

Siku hazikuwa nyingi, Mbusa akanitumia gari gereji. Mimi ni mtu wa viti na makapeti, kwa hiyo kwa akili yake harufu ni kazi yangu. Yohana, dereva wake, alilileta akiwa ametoa kichwa nje ya dirisha kama mbuzi aliyepakiwa kwenye lori. Madirisha yote yalikuwa wazi katika jua la Kasese, baridi inavuma ndani, na bado mtu hawezi kukaa. Ndani walikuwa wamemwaga marashi. Wakaweka mchaichai, na kahawa ya kusaga ndani ya soksi. Harufu ya marashi juu ya uozo ni mbaya kuliko uozo wenyewe, somo. Uozo angalau hauna unafiki. Ukiwasha baridi, upepo wa kwanza unakupiga usoni na soksi za kikosi kizima cha askari waliotembea katika matope, halafu nyuma yake kuna kitu kitamu kidogo, kama ndizi zilizosahaulika katika pipa.

Nikakaa juu ya tairi nikajiuliza: Kambale angefanyaje?

Unakumbuka nilivyokuwa nikikudharau? Nilisema, mtu gani mwenye akili anauza baridi Kasese, na theluji iko pale juu ya mlima, bure, kila mtu anaiona? Mimi ninajaza viti pamba ya Munkunyu, kitu ambacho mtu anakikalia akajua amekaa. Wewe unauza upepo. Hukukasirika. Ulinifundisha tu, sikukuomba, ukiongea chini ya boneti huku mimi nashona. "Weka pua kwanza, somo. Pua haidanganyake mutu." Halafu sikio, halafu mkono, na jicho mwisho, kwa sababu jicho lina haraka na linapenda kujifanya linajua. Nilijifanya sisikii. Kumbe nilikuwa nasikia yote.

Pua ilikuwa imeshafanya kazi yake, na zaidi ya kazi yake. Nikatega sikio. Nilimwambia Yohana aache injini iungurume, aiwashe baridi, nikaingiza kichwa chini ya boneti. Pampu ya gesi ikapiga "tak" moja, ikashika, ikatulia. Ulisema ikipiga tak-tak-tak bila kutulia, ikishika na kuachia kama mtu mwenye kwikwi, gesi imepungua. Haikuwa hivyo. Mkanda nao haukulia kama nguruwe anayechinjwa, basi haukulegea. Injini haikupandisha joto.

Nikaweka mkono. Bomba moja la moto, jingine baridi, linatoka jasho. Mabomba yakiwa na joto sawa, mashine imekufa. Haya hayakuwa sawa hata kidogo.

Nikaweka jicho. Nikatafuta pale kwenye maungio ya mabomba, kama ulivyonionyesha siku ile Kikorongo, tulipokuwa tukingoja lori na kula mahindi ya kuchoma, ukamwona mgeni mmoja amekwama na gari lake njia panda, ukalala chini yake na suruali yako ya kanisani. Pale kwenye ungio mafuta yalikuwa yamevuja pamoja na gesi, na vumbi jeupe la chokaa la Muhokya likanata juu yake kama ugali. "Angalia, somo. Vumbi ndiyo inatuonyesha kidonda." Mgeni yule aliondoka na baridi yake, wewe ukaondoka na suruali nyeupe, na Masika hakukusemesha siku mbili. Basi kwenye gari la Mbusa nilitafuta ugali huo, sikuuona. Maungio yalikuwa makavu, safi, kila nati imekazwa na mkono wako. Na ule wavu wa mbele ya rejeta, unaojaa panzi na majani magari yakipita mbugani, nao ulikuwa umeupiga brashi.

Hapo nikaelewa kwamba kazi yako ilikuwa nzima. Nilifurahi, halafu nikakasirika, maana nilikuwa na gari zima lenye kunuka kama maiti.

Nikainama kuangalia chini. Injini inaunguruma, baridi inavuma kwa nguvu, na ardhi chini ya gari ni kavu kabisa. Hakuna hata tone. Hapo ndipo nilipokusikia, Kambale, wallahi nilikusikia. Mara ngapi watu walikuja mbio gereji wakilia kwamba gari linavuja maji, na wewe ukawarudisha nyumbani ukicheka? "Ile maji ni jasho ya baridi tu. Gari yenye inakojoa iko muzima. Ikiacha kukojoa, ogopa."

Nikaingia chini ya dashibodi, upande wa abiria, nikavuta kapeti. Ndiyo hapo nilipokimbilia ukutani.

Niliporudi, nimejifunga kitambaa puani, niliona kapeti limekuwa jeusi, limeota manyoya ya kijani, na pamba yangu, pamba yangu safi ya Munkunyu niliyoijaza mimi mwenyewe chini ya kiti, imegeuka uji. Ndani ya uji mna vidudu vyeupe vinavyocheza. Nikaufuata ule mpira mdogo unaotoa maji nje, nikaukuta chini ya gari, na mdomoni mwake umezibwa kwa gunzi la mahindi. Gunzi, Kambale! Kama kibuyu cha pombe. Limesukumwa ndani mpaka mwisho na kuzungushiwa kamba ya mgomba ili lisitoke. Nilipolivuta maji yalinimwagikia kifuani na shingoni, vuguvugu, na harufu yake sitaieleza hapa, maana hata barua ina heshima yake.

Yohana alicheka mpaka akajifuta machozi, akanieleza. Wewe ulipomaliza kazi, Mbusa alilipeleka gari nyumbani kujivuna nalo. Siku hiyo wakwe zake walikuja kuzungumza mambo ya posa ya binti yake, na gari lilisimamishwa uani, baridi ikiwaka bila mtu ndani, ili waguse vioo waone. Mzee mmoja wa upande wa wakwe akaona maji yanatiririka chini ya gari juu ya ua uliofagiliwa. Akageuza uso. Wanawake wakajifunika vinywa kwa leso. Mama mmoja akasema, "Gari ya bwana inakojoa mbele ya wakwe." Unajua kwetu mambo hayo. Mtu anaweza kufilisika akasimama tena, lakini jambo la chooni mbele ya mkwe halisahauliki. Mbusa alingoja wageni waondoke, akavua koti, akalala chini ya gari yeye mwenyewe, na tumbo lile, akaziba. Akasema, "Gari ya mimi hapana kojoa mbele ya mkwe."

Maji hayakuwa na pa kutokea. Yakarudi ndani, yakalala chini ya kapeti na juu ya lile sega la chuma linalopoza upepo, yakaoza katika joto. Vioo vikaota ukungu. Miguu ya abiria ikaloa. Na wewe ukaitwa mharibifu.

Nilimpelekea Mbusa gunzi mkononi, lilivyo, nikaliweka juu ya meza yake karibu na kikombe. Nilidhani ataona haya kidogo. Alilitazama, akasogeza kikombe, akasema, "Basi sasa iko sawa," kana kwamba nimemletea chenji yake. Akatoa ufunguo wa ghala. Jina lako hakulitaja. Nilipobeba sanduku mabegani ndipo aliponiita tena, kwa sauti ya chini. "Lakini hii maneno ya kukojoa, hapana sema kwa watu." Hilo ndilo lililonichukiza kuliko vidudu. Alikuchafua kwa sauti kubwa makaburini, akataka kusafishwa kwa kunong'ona.

Nilipanda lori lililokuwa likielekea Bwera, sanduku katikati ya miguu yangu, nanuka hivi kwamba watu walinipa benchi zima. Nilikuwa nimeshinda, nikadhani uchafu wote umekwisha.

Usiku wa kuamkia siku ya kuondoa matanga, Masika alinikalisha jikoni akaniambia ulivyokufa. Mimi nilijua miguu ilivimba, kisha uso. Uliniambia ni kusimama sana. Masika akaniambia mkojo ulikuwa umekataa kutoka, tangu muda mrefu, kidogo kidogo, na wewe ukanyamaza kwa sababu mama yake alikuwa amekuja kuwasaidia na analala chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa udongo. Kopo la kukojolea lingepita mbele ya mkwe. Sauti ingesikika kwa mkwe. Basi ukajibana ukingoja aende kuteka maji, na alipokwenda, mwili ukakataa. Walipokufikisha hospitali, muuguzi alimwambia Masika kwamba mngekuja mapema, wangekuwekea mpira mdogo tu, maji yakatoka, ukarudi nyumbani.

Mpira mdogo tu.

Nilichukia, Kambale. Nakuambia wazi. Nilimchukia Mbusa na gunzi lake, halafu nikakuchukia wewe. Wewe! Uliyelala chini ya kila gari kati ya Kasese na Bwera kuwaonyesha watu matone na kuwaambia msiogope, hii ni afya. Wewe uliyejua pua na sikio na mkono, ukavimba mbele ya macho yetu ukisema ni kusimama sana. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chako nimekilia mimi. Nililia jikoni pale kwa hasira, na Masika akanipa maji ya kunywa, nikashindwa hata kuyatazama.

Asubuhi mkeka ulitandikwa. Paluku akafungua sanduku, akapanga spana zako, na katikati akaweka geji. Wazee walikuwepo, watu wa Butembo walikuwepo, mama yake Masika alikaa na wanawake upande wake, ameinamisha kichwa. Paluku akauliza kama kuna mwenye neno juu ya marehemu kabla vyombo havijashikwa. Nikasimama. Nilisema gari la Mbusa halikuharibiwa na Kambale, liliharibiwa na gunzi, na sababu ya gunzi ni aibu ya wakwe. Watu wakacheka kidogo. Kisha nikasema na Kambale mwenyewe amekufa kwa gunzi hilo hilo. Nikalitaja neno mkojo, kwa sauti, mbele ya mkweo. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akanyanyua mkono kuninyamazisha.

Mama yake Masika akainua kichwa. Hakumtazama mzee, alizitazama geji zako pale mkekani. Akasema, "Ningemubebea ile kopo na mikono yangu. Kila siku. Nilishabebea baba yangu. Juu ya nini hakuniambia?"

Wewe ndiye uliyekuwa unaulizwa.

Paluku akaziokota geji, akanipa mimi. Nilimwambia mimi ni mtu wa viti, natapika, kila mtu anajua natapika. Akasema, "Kambale kwetu, Bwambale kwenu, wote mutoto wa pili. Ni mutu moja. Shika." Nikashika. Zilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na mpira wa buluu bado una alama ya meno yako pale ulipokuwa ukiushika mdomoni mikono ikijaa.

Sasa nusu ya kibanda chetu pale karibu na stesheni ni viti na nusu ni baridi, na fundi wa vyote viwili ni mimi, kitambaa puani, nikilaani. Gari la Mbusa lina kapeti jipya. Linapita kwenda kanisani kila Jumapili likidondosha matone barabarani, na wale niliokwisha kuwaambia, yaani wote, wanayatazama matone halafu wananitazama mimi. Mbusa hanisalimu. Namshukuru kwa hilo.

Nakuahidi mambo mawili. Hakuna gari litakalotoka mikononi mwangu kabla mwenyewe hajainama akaona linapotolea maji, awe tajiri au afande. Na kila mzee anayekuja kukaa kwenye benchi letu, kabla sijamuuliza habari za nyumbani, namuuliza kama amekojoa vizuri leo. Wanasema nimepotewa na adabu tangu ulipokufa. Wawili walinuna wakaondoka. Wa tatu hakuondoka. Alitazama huku na huku, akasogea karibu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hapana, siyo vizuri. Nilifunga kibanda mchana ule ule nikampeleka hospitali mwenyewe.

Wamemwekea mpira. Jana alirudi kwake Munkunyu kwa miguu yake.

Lala sasa, somo. Mkweo anakusalimu.

Wako,
Bwambale